KIKOHOZI CHA WIFI KWENYE STOO YA BWAWA

"Muuaji huyo hapo! Mtoeni!"

Kaka yangu wa tumbo moja alininyooshea kidole mbele ya jeneza la mke wake.

Mbele ya mama yetu. Mbele ya majirani niliowapikia chai kwa mikono hii hii!

Jamani, mimi nasahau hata nilipoweka funguo. Ila kidole kile? Mpaka leo nakiona.

Tulieni niwasimulie.

Nyumbani kwa kaka, nilikokuwa naishi pamoja na Mama, kulikuwa na bwawa la kuogelea. Msiwaze la kifahari... Lile la turubai na vyuma, linasimama juu ya ardhi kama beseni kubwa. Kaka alilinunua kwa ajili ya magoti ya Mama, afanyie mazoezi ndani ya maji.

Dawa za maji nilizishika mimi. Hakuna aliyenifundisha, nilijisomea. Nachovya karatasi ya kupimia, naangalia rangi. Asidi imepanda au imeshuka? Naiweka sawa kwanza, ndipo nagusa klorini.

Klorini ilikuwa ya aina mbili, chembechembe na vidonge. Kila moja na kopo lake, kila moja na kijiko chake. Maana hizo mbili ni mahasimu, wadau. Zikilala kopo moja zinazaa hewa ya sumu, na kopo linalipuka!

Asubuhi moja nikiwa sokoni, wifi aliingia stoo kuchukua kidonge. Akafungua kifuniko...

Puu!

Majirani walimtoa anakohoa. Alikohoa njia nzima ya hospitali. Halafu kikohozi kikanyamaza.

"Dawa humu ndani anashika nani?" kaka akawauliza watu.

Wote walinigeukia.

Nikafukuzwa. Kila nilikokwenda habari ilinitangulia: yule aliyemlipua wifi yake. Kazi nikakosa, mchumba akaingia mitini. Na kila niliponusa klorini, hata kwenye sakafu iliyopigwa deki...

Khoh! Khoh!

Wifi, nyuma ya shingo yangu.

Mwaka huu Mama akanipigia.

"Mwanangu, njoo urekebishe yale maji."

"Kwani bwawa bado lipo?!"

"Kaka yako hataki limwagwe. Na mkwe wangu anakohoa mle stoo. Namsikia. Mimi nimekusamehe, wewe njoo tu."

Nimekusamehe! Neno hilo nililitafuna safari nzima.

Nikafika. Maji ya kijani, mazito, yamefanya utando. Nikachovya karatasi. Upande wa klorini ulibaki mweupe pee. Dawa ilikwisha zamani. Sasa hiyo harufu ya klorini niliyokuwa naisikia ilitoka wapi?

Khoh. Khoh.

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anamimina masalio ya sabuni ya unga kwenye kopo la sabuni nyingine.

"Mama, si ni sabuni mbili tofauti hizo?"

"Aa, makopo mawili ya nini? Sabuni ni sabuni!"

Nikacheka. Huyo ndiye Mama yangu, hajawahi kuona masalio akayaacha yakae peke yake. Akaweka kopo tupu dirishani, kando ya jingine lililojaa vibanio vya nguo.

Nikalisogelea.

Lile la vibanio lilikuwa kopo langu la chembechembe.

"Mama... hili ulilitoa wapi?"

"Stoo, nilipofanya usafi asubuhi ile ya msiba, wewe ukiwa sokoni. Lilikuwa na masalio kidogo, nikayamiminia kwa mwenzake. Si dawa ni dawa?"

Kaka alikuwa mlangoni. Akanishika mkono, akanivuta hadi bwawani.

"Dada, nakuomba. Asijue."

"Ulijua?!"

"Kopo nililiona kwa Mama kabla ya mazishi. Ningefanyaje? Mama angekufa kwa uchungu. Wewe una roho ngumu, nikajua utahimili."

"Kwa hiyo ukanizika mimi!"

"Mama ni mmoja, dada."

"Na mimi nilikuwa wangapi?!"

Tukasikia mkongojo. Mama alikuwa nyuma yetu, kopo la vibanio mkononi.

"Ni mimi?"

Kaka akanisihi kwa macho. Ninyi mngesema nini? Mimi nilikikumbuka kidole.

"Ndiyo, Mama. Hukujua... lakini ni wewe."

Vibanio vikamwagika. Hakulia. Alinishika shavu.

"Kila siku nakuombea usamehewe. Kumbe ni wewe wa kuombwa!"

Akamgeukia kaka. "Mwaga hayo maji."

Kaka akachomoa kizibo. Turubai likasinyaa polepole, na Mama hakuondoka mpaka likalala chini.

Wadau, msichanganye dawa za maji, hata kama jina ni moja. Na mtu asimzike aliye hai kwa kisingizio cha upendo! Mama nimemwelewa. Kaka bado, na sioni aibu kusema.

Kikohozi? Tangu siku ile sijakisikia tena, wala Mama.

Ila juzi kaka alinipigia, anahema.

"Dada... wewe ulikuwa unakisikia upande gani?"