Punda Ameniambia

Mwalimu Mselem alikutwa sebuleni kwake, mtaa wa Wiyoni, saa mbili asubuhi, amelala chali mkekani, fuvu limepasuka nyuma ya sikio la kulia. Mdomo wake ulikuwa umeshindiliwa gazeti.

Inspekta Mkuu Gakii alivaa glavu, akalivuta gazeti polepole. Lilitoka na meno mawili.

"Mapigo mangapi?"

"Saba," alijibu daktari wa polisi. "Ni nyundo. La tatu lilitosha kuua. Manne yaliyofuata ni hasira tu. Lakini marehemu alipigana. Kuna ngozi ya mtu chini ya kucha zake."

Gakii alilikunjua gazeti. Lilikuwa la mwaka 1997: MVUVI WA SIYU ATOWEKA, VIATU VYAKUTWA UFUONI. Ukingoni palikuwa na alama nyeupe za vidole. Alizinusa. Chokaa.

Mjane, Bi Esha, ndiye aliyemkuta aliporudi kutoka sokoni. Samaki wake walikuwa bado mlangoni.

"Bi Inspekta, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri mume wangu hukaa barazani na majirani," alisema. "Huwasomea kichwa cha habari cha zamani, kisha akabuni yaliyofuata. Gazeti likisema waziri amekwama mtini, yeye huwaeleza vipi mti ule uligombea ubunge ukashinda. Watu hucheka."

"Na Ijumaa iliyopita alisoma hiki?"

"Hicho. Mvuvi huyo ni Amini, mume wa jirani yetu Huwaida. Nilimkanya. Akasema miaka imepita."

"Alibuni nini?"

"Kwamba Amini hakufa maji. Alichoka na kelele za watu, akavua viatu, akajizika chini ya banda la punda apate usingizi. Punda ndiye humpa habari za dunia."

"Wote walicheka?"

"Mpaka machozi. Ila Bakr, kakake Huwaida. Yeye aliuliza, 'Mwalimu, hayo nani amekwambia?'"

"Mumeo akajibuje?"

Bi Esha alijifunika uso kwa leso. "Alisema, 'Punda ameniambia.'"

"Bakr hufanya kazi gani?"

"Fundi muashi. Hupiga lipu ya chokaa."

Walimkuta juu ya kiunzi, akikandika ukuta. Konstebo Husni alimwamuru ateremke. Bakr aliteremka taratibu, kisha nyundo ikapaa. Mkono wa Husni ulivunjika kama kuni. Gakii alimpiga Bakr rungu la goti, likafuata la bega, nyundo ikamponyoka. Alipopandisha mkono wa shati la Bakr, aliona mikwaruzo mitatu mibichi.

"Paka," alisema Bakr.

"Tutamuuliza daktari kama paka huyo alikuwa mwalimu."

Swali la Bakr kule barazani lilikuwa bado likimsumbua Gakii; siku hiyo hiyo alipanda boti kwenda Siyu na askari wanne. Banda la punda la marehemu babake Bakr lilikuwa bado limesimama. Sakafu yake ilikuwa ya chokaa, ngumu, laini kama ya msikiti.

"Nani humjengea punda sakafu kama hii?" aliuliza, akaamuru wachimbe.

Futi tatu chini walifikia mifupa. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma ya sikio la kulia.

Kesho yake kituoni, Gakii alimkumbusha Bakr kwamba ana haki ya kunyamaza. Bakr alizitazama picha za mifupa.

"Alikuwa akimpiga dada yangu," alisema. "Mara ya mwisho alimpiga teke la tumbo. Mimba ya miezi saba ikatoka. Asubuhi nilimzika mtoto. Adhuhuri nilimfuata Amini bandani, yuafunga punda."

"Na viatu?"

"Nilivipeleka ufuoni mwenyewe."

"Mwalimu alikukosea nini?"

"Alijua. Nilikwenda kumwomba anyamaze. Akacheka, akasema yuatunga tu. Kila nikimpiga alisema yuatunga tu. Nikamtia gazeti lake mdomoni."

"Alikuwa akitunga kweli, Bwana Bakr."

Gakii alimsogezea daftari la marehemu. Chini ya kichwa kile cha habari, Mwalimu alikuwa ameandika visa vitatu. Mvuvi ameoa nguva. Kilikatwa. Mvuvi amefungua shule ya kuwafundisha papa kuogelea. Kilikatwa pia. Cha tatu kilikuwa cha punda, na pembeni pameandikwa: *Hiki ndicho kitakachowachekesha wazee.*

Bakr alisoma. Akasoma tena kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hakujua," alisema.

"Hakujua lolote."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, akatoa sauti ambayo Gakii hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Huwaida alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, ameitwa kuandikisha taarifa. Mara mbili kadhi alikuwa tayari kuivunja ndoa yake aolewe tena, na mara mbili alikataa. Alisema mtu asiye na kaburi huenda akarudi.

Hakumtazama kaka yake. Alimtazama Gakii.

"Bi Inspekta," aliuliza, "eda yangu ya ujane yaanza leo?"

Gakii aliweka kalamu chini.