Simu ya Tano

Simu zilikuwa nne. Juliana alizipanga mwenyewe juu ya meza ya chakula, akazichomeka chaji, na hakuna mtu mwingine aliyezigusa. Sasa kompyuta ilimwambia ziko tano.

Hakushtuka. Mtengeneza programu za simu amezoea kudanganywa na mashine, na Juliana alikuwa na miaka sita katika kazi hiyo, pale pale nyumbani kwake Kihesa, Iringa, huku mumewe Jofrey yuko barabarani na lori. Akamalizia chai yake, akasema ataifuta baadaye.

Programu yenyewe ilikuwa ya wazee. Saa ya dawa ikifika inamwita mzee kwa jina, inasubiri aitike. Asipoitika, wanawe wanapigiwa. Kitu kama hicho hakijaribiwi kwenye simu ya kuigiza iliyomo ndani ya kompyuta, kinataka simu halisi inayosikia na kusema. Kwa hiyo Juliana alipika, yaani aliunda, toleo lake la majaribio, akaandikisha simu nne kuukuu kwenye orodha, na kila alipopika toleo jipya simu zote za orodha zililipokea. Shida ilikuwa kuitika. Kutwa "abee, abee", mtu anachoka jamani. Basi akamrekodi binti yake Goodness, mtoto wa miaka sita, akisema, "Abee mama, niko hapa," akaitia sauti ile ndani ya toleo, simu zijiite na kujiitikia zenyewe. Mtoto alicheka sana siku ile.

Na simu ya tano kwenye orodha ilikuwa na jina. Iliitwa Goodness.

Kesho yake Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwa utosini, nyumba ilinukia udi. Juliana ni Mlutheri. Humo ndani udi haujawahi kuchomwa. Mara simu zote nne zikaitika kwa pamoja, bila yeye kuzigusa: "Abee mama, niko hapa." Aligeuka acheke na mwanawe. Alimkuta amesimama mlangoni, amevaa viatu vya shule, mdomo wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

Hospitalini daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa.

Jumapili Juliana alilifuta toleo kwenye simu zote, akazizima. Simu ya tano kila akiitoa kwenye orodha ilirudi. Saa saba udi ukanukia tena, na zile simu zilizozimwa zikaitika, "Abee mama, nakuja," maneno ambayo mtoto hakurekodiwa akiyasema kamwe. Jumatatu zikasema, "Abee mama, nimevuka barabara," na Goodness, amevaa viatu, alivutwa kuelekea mlangoni kwa nguvu ambayo si ya mtoto, hata mama yake akamkumbatia kwa mikono miwili na kuweka mguu ukutani ili asikokotwe naye.

Alipopata pumzi alifungua rekodi za kompyuta asikie ni nani anayeita. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Juliana, tena ya upole, ikiita mara moja tu: "Goodness."

Hapo ndipo alipokwenda kwa jirani yake, Bi Mwanakhamisi, mshonaji, ambaye wazee wake walitoka pwani. Jumanne asubuhi bibi alikuja, akamtazama mtoto, akaziangalia simu bila kuzishika.

"Mama Goodness," alinong'ona, "nani alimzoesha mtoto kuitika akiitwa mara moja tu?"

"Mimi, bibi. Ndani ya simu."

"Kwetu ukiitwa na usiyemwona unanyamaza mpaka mara ya tatu. Jini ana mwito mmoja tu, hana wa pili. Wewe umemwekea mtoto aitike kila akiitwa, hata saa saba, saa yao."

"Nimeshafuta kila kitu."

"Umefuta huku kwako. Yeye ameshapokea. Harudishi mpaka apewe sauti nyingine, na anayeitoa aitoe kwa ridhaa yake."

"Basi yangu."

"Fikiri kwanza, mwanangu."

"Bibi, leo atasema amefika. Nimeshafikiri."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Juliana alijirekodi, "Abee, niko hapa," akaiondoa sauti ya mwanawe, akaanza kupika toleo jipya ikiwa saa saba kasoro dakika ishirini, na mtandao ukawa unajivuta, asilimia thelathini, thelathini na moja, ukasimama, ukaendelea, huku Goodness ameshaanza kutafuta viatu chini ya kochi na Bi Mwanakhamisi amemshika kiuno akisoma dua kwa sauti ya chini, na harufu ya udi ikaingia kupitia dirisha lililofungwa, nzito, ya kukaba, na Juliana akaisihi mashine kama mtu anavyomsihi Mungu, themanini, tisini, mpaka simu nne zikawaka zimepokea, na kwenye orodha, ya tano nayo ikapokea.

Saa saba kamili. Sauti iliita mara moja, jina ambalo hakuna aliyelisikia vizuri. Simu zikaitika kwa sauti ya Juliana: "Abee, niko hapa."

Goodness alikohoa. "Mama, nina njaa."

Bi Mwanakhamisi alimshukuru Mungu kwa machozi. Juliana alimbeba mwanawe, akacheka na kulia, vyote bila sauti. Kwenye orodha simu ya tano ilikuwa imebadilika jina. Iliitwa Juliana.

Jofrey alikuwa Mbeya. Bibi alimpigia, akamweleza yote, naye akaapa kuondoka alfajiri na sheikh mmoja anayemfahamu.

Jumatano mchana Bi Mwanakhamisi, aliyelala kwao, alitoka kwenda uani mara moja kuchota maji ya kutawadha. Juliana alikuwa mezani, mtoto anakula kando yake, simu ya nyumbani ikalia, Goodness akaipokea.

"Baba, uko wapi?"

"Igawa, mwanangu. Lori limeharibika, ila tunakuja, sheikh ninaye hapa. Mama yuko wapi?"

Udi ulianza kunukia. Mezani simu nne zilisema pamoja, kwa sauti ya upole ambayo mtoto aliijua: "Abee, nakuja."

"Goodness, nimekuuliza. Mama anafanya nini?"

Mtoto alitazama.

"Anavaa viatu, baba."