Mareni wa Mtoto Wangu Alijibu Alama Yetu

Nina miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja, na ninauza samaki wa kukauka wa Pweto katika soko moja hapa Lubumbashi. Ukinikuta sokoni utasema huyu mama ni mkali, na kweli ni mkali. Hata hivyo nilinyang'anywa bwana mchana kweupe, kwenye meza ya mama yangu mzazi, nikiwa nimeshika karata mkononi... Soma polepole, ndugu msomaji, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Kwetu Jumapili ina utaratibu wake. Misa, halafu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nyumbani kwa mama, halafu karata. Tunacheza ludo na drafti pia, lakini mchezo wa familia ni kemsi.

Kwa asiyeujua, ni mchezo mwepesi. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili. Kila mtu ana karata nne, na nyingine nne ziko wazi mezani. Mnabadilisha kwa haraka mpaka mmoja apate nne za namna moja. Akizipata hasemi kitu. Anampa mwenzake alama ya siri, na mwenzake ndiye anayesema "kemsi". Wapinzani wakiigundua alama kabla yake, wanasema "kontre" na wanashinda wao. Chai haijapoa, mmeshamaliza.

Kwa hiyo kila jozi ina alama yake, na kwetu kumfunulia mtu mwingine alama ya mwenzako ni aibu kubwa. Mama alicheza na marehemu baba maisha yao yote. Mpaka leo hajatuambia alama yao ilikuwa nini.

Mimi nilicheza na bwana wangu, Fiston. Alama yake ilikuwa hivi: aliuma shavu la kushoto kwa ndani, kidogo tu, mpaka kishimo kikatokea. Nikikiona, nasema "kemsi" na watu wanabaki kulalamika.

Alama ile ikatoka mezani ikaingia katika ndoa yetu. Tukiwa kwenye matanga au kwenye sherehe, Fiston akichoka aliniangalia, akauma shavu. Maana yake, mke wangu, twende nyumbani. Nilichukua sakoshi, mkoba wangu, na kusimama, na watu walishangaa tumepatana saa ngapi. Sikuwahi kuhitaji maneno matamu. Kishimo kile kilinitosha.

Jozi ya pili ilikuwa kaka yangu Papy na rafiki yangu Béa. Béa nilikaa naye benchi moja shuleni. Ndiye mareni wa binti yangu Grâce, yaani mama yake wa ubatizo, aliyemshika mbele ya padri. Tulipoanza kujenga nyumba yetu kule Kasungami, Béa alikuwa ametolewa katika nyumba ya kupanga. Nikamwambia alale katika chumba kilichokwisha, atuchungie simenti na mabati. Mimi mwenyewe nilisema. Nani alinilazimisha?

Fiston akawa anaenda Kasungami kuangalia mafundi. Nilimfungia chakula cha watu wawili, maana Béa naye lazima ale.

Halafu tukaanza kushindwa kwenye kemsi. Jumapili baada ya Jumapili, Fiston akiuma shavu tu, kabla sijafungua mdomo, Béa ameshasema "kontre". Papy alifurahi, akamsifu kwamba ana macho ya paka; Béa mwenyewe akasema anabahatisha tu. Nilimwambia Fiston tubadilishe alama. Akakataa. Akasema tumeizoea, ni bahati mbaya tu, itapita.

Nikakubali... Mimi, mkali wa sokoni, nikakubali.

Siku moja tulialikwa harusi ya binamu yangu, chakula cha mchana katika bustani ya nyumba moja kubwa kule mtaa wa Golf. Hotuba zilikuwa ndefu. Nikamwona Fiston anauma shavu. Nikashukuru Mungu, nikachukua sakoshi yangu, nikasimama.

Ng'ambo ya meza Béa naye alikuwa amesimama, sakoshi kwapani.

Tukatazamana. Fiston akanigeukia, uso umejaa mshangao, akaniuliza, "Uko naenda wapi?"

Mnaelewa, wasomaji wangu? Alama haikuwa yangu. Béa alisema anatafuta choo. Fiston alisema anaenda kupiga simu kwa fundi. Na mimi nilifanya nini? Nilikaa chini! Nikaweka sakoshi miguuni, nikaendelea kusikiliza hotuba.

Sikusema neno wiki nzima. Nilikosea kupima samaki, wateja wakanicheka. Nilitaka kuwa na hakika kwanza. Ndoa ya kanisani haivunjwi kwa sababu ya shavu, si ndivyo?

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha kwa nguvu. Nikasema leo tubadilishe jozi, mimi na Papy, Fiston na Béa. Wakakubali huku wanacheka. Kwa desturi yetu, watu wasiowahi kucheza pamoja wanatoka kwanza nje, kwenye barza, wanapatana alama mbali na masikio ya wengine. Nikasema mvua inapiga barza, tucheze hivi hivi, kila mtu amsome mwenzake.

Mama aliniangalia sana. Nadhani alihisi kitu.

Tukacheza. Nilikuwa siangalii karata zangu kabisa. Fiston aliokota moja mezani, akaipanga, halafu bila kufikiri akafanya anachofanya siku zote akiwa na nne. Kishimo kikatokea shavuni.

"Kemsi," akasema Béa.

Neno lilimtoka tu. Mchezaji wa kweli hawezi kulizuia. Akaanza kucheka, akanyoosha mkono kumpiga Fiston begani, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Karata zilifunuliwa, dame nne, malkia wote.

Mama akaweka kikombe chini. "Béa, mutoto yangu, hamukutoka ku barza. Ulijua namna gani?"

"Niliona tu, mama."

"Uliona nini?"

Béa akamtupia Fiston jicho. Ndipo nikamgeukia Béa, nikauma shavu langu la kushoto, nikamwuliza, "Iko hii?"

Akainamisha kichwa. Papy alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Fiston alikuwa anakusanya karata moja moja, taratibu, utadhani zinaweza kuvunjika.

Fiston alikiri siku hiyohiyo. Ilianza tangu msingi wa nyumba. Madirisha niliyoyachagua mimi, Béa ndiye aliyeyafungua wa kwanza asubuhi. Chakula nilichofunga mimi walikula pamoja. Hayo yote yaliniumiza, lakini nilimwuliza jambo moja tu, kwa nini alimpa Béa alama yetu. Mwanamke mwingine, sawa, wanaume wengi wameanguka hapo. Lakini alama yetu?

Akanijibu, "Josée, ile iko karata tu."

Karata tu... Wasomaji wangu, nililia hapo. Si kwa ajili ya Béa. Nililia kwa sababu miaka yote ile nilidhani tulikuwa wawili katika siri moja, kumbe nilikuwa peke yangu.

Sasa Fiston anaishi Kasungami na Béa, katika nyumba yangu. Mimi na Grâce tuko kwa mama. Mwaka ujao Grâce anapokea komunyo ya kwanza, na mareni wake anapaswa kusimama nyuma yake kanisani. Nani atasimama? Aliuliza mara moja tu. Tangu alipoona uso wangu hajauliza tena.

Dada zangu mnaosoma hapa, sikuandika ili mwogope marafiki zenu. Nawaomba kitu kimoja. Siku moyo wako ukikusimamisha katikati ya watu, usikae chini kwa sababu ya aibu. Mimi nilikaa, nikampa mtu nafasi ya kunidanganya wiki moja zaidi. Uliza papo hapo. Jibu baya la leo ni afadhali kuliko kucheza na mtu ambaye ameshauza karata zako.

Jumapili iliyopita Grâce alileta karata mwenyewe, akaziweka mbele yangu. Kwa miezi nilikuwa sijazigusa. Akasema, "Maman, mi nacheza na weye. Alama yetu iko gani?"

Mama akatazama pembeni. Papy akaacha kula. Nikamshika mtoto mkono, tukatoka kwenye barza, tukapatana.

Tuliwashinda mama na Papy. Na alama yetu, wasomaji wangu wapendwa, hata ninyi sitawaambia.