Kamongo kwenye Sufuria ya Sharon

Siku hiyo kamongo alipikwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Mzee Longino, pale Mabatini. Ukoo wake, wenye asili ya Kagera, hauli samaki huyo. Ni mwiko. Na aliyempika alikuwa binti yake mwenyewe, Sharon.

Longino alinusa. Akaingia jikoni, akabeba sufuria, akaenda kuimwaga kwenye shimo la taka.

"Mimi si wa ukoo wako, Baba," Sharon alisema. "Majibu yamesema."

Shangazi yake aliyeko ng'ambo ndiye aliyeleta kipimo cha vinasaba, kile cha kuonyesha asili ya mtu. Sharon na kaka yake Mutalemwa walitema mate kwenye vichupa, vikapelekwa huko. Majibu yakaja kwa simu. Mutalemwa ana asilimia tisa ya asili ya Afrika Magharibi. Sharon hana hata moja, akaamini hawakuzaliwa na baba mmoja. Tangu hapo alishindwa kumtazama baba yake usoni.

Jirani yao Teodora, mtaalamu wa maabara, alikuwa amekuja kuazima kinu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Msikie huyu mwenzako."

Teodora alichukua simu ya Sharon, akasoma majibu.

"Mdogo wangu, kila mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Lakini si nusu ileile. Gunia la mchele ni moja, kila mmoja kachota kwa kiganja chake."

"Na asilimia?"

"Ni makadirio. Wanakulinganisha na watu waliokwisha kuwapima. Wa Kagera humo ni wachache. Wakiongezeka, namba zitabadilika. Na ukoo hausomwi kwenye mate. Mtu hulelewa ndani ya ukoo."

Akafungua ukurasa wa jamaa wa karibu. "Kipimo hiki nguvu yake iko hapa. Soma."

Sharon alisoma polepole. *Mutalemwa: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.* Akarudia kusoma.

"Mwezi mzima unalia," Teodora alisema, "na ukurasa wa pili hukuufungua."

Sharon alicheka huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, Baba. Sitapika tena kamongo humu."

"Na wewe, Mzee," Teodora alisema, "mwombe radhi mtoto. Umemwaga chakula chake."

Longino alikuwa amechuchumaa, akiisugua sufuria ya binti yake kwa jivu.

"Siombi," alisema. "Angekuwa mtoto wa watu, ningemwacha ale."