Kaptula ya Kukimbilia

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kuzama Enoka alipofika sokoni Tunduma kutafuta kaptula ya kukimbilia.

Haikuwa anasa. Enoka alikuwa tarishi wa barua, tena wa majaribio. Masika yale, mwaka wa nne tangu vita vya Hitla viishe, gari halikuweza kushuka bondeni kwa tope, kwa hiyo mfuko wa barua ulikwenda Msangano kwa miguu ya mtu. Alikuwa amechelewa mara mbili. Karani alimwambia waziwazi kwamba akichelewa mara ya tatu, kazi itapata mtu mwingine.

Na kilichomchelewesha hakikuwa miguu wala pumzi. Ilikuwa suruali. Suruali nzito ya kaki, aliyoachiwa na kaka yake aliyerudi kutoka Burma. Ikilowa, alikuwa kama amebeba mtoto kiunoni. Ikikauka, ilimchubua mapaja mpaka damu, na mkewe Fides akakaa kumpaka mafuta ya nyonyo huku akisonya.

"Baba Aida, tafuta kitu chepesi," Fides alikuwa amemwambia. "Kisibane, na kikauke upesi. Urembo waachie walimu."

Alianzia dukani. Kaptula mpya zilikuwepo, zimepigwa pasi, lakini bei yake ilimfanya azirudishe mezani taratibu, kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Akaenda kwenye marundo ya nguo kuukuu za Wazungu, zile ambazo watu waliziita kafa-Ulaya kwa kuamini kwamba wenyewe wamekufa huko. Kila aliyoiokota aliipima kwa namna yake. Aliishikiza kiunoni, akainua goti mpaka kifuani, akachuchumaa, akainuka. Wauzaji walicheka. Yeye alijisemea: hii sufu, itanyonya mvua yote. Hii inabana. Hii mshono umekaa palepale mapaja yanaposuguana.

Wauzaji wakaanza kufunga mizigo.

Mwisho kabisa wa soko, karibu na njia ya kuvukia Rhodesia, mwanamke mzee alikuwa amekaa peke yake. Mbele yake palikuwa na gunia, na juu ya gunia nguo moja tu.

Kaptula.

Enoka aliinama akaishika. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa mpaka kikawa laini kama jani la boga. Kiuno cha kamba. Miguu mipana. Na ndani ya mapaja, aliyeishona alikuwa ameweka kiraka cha kitambaa chororo ili mshono usiguse ngozi. Huyo alijua maana ya kukimbia. Kitu kimoja tu hakikumpendeza Enoka. Ilikuwa na harufu ya udongo, ule wa chini uliofukuliwa leo.

"Mukwai, chukua," mwanamke alinong'ona, akimwita kwa heshima kama watu wa ng'ambo ya mpaka. Alitaja bei ndogo mno, hata Enoka akadhani amesikia vibaya.

"Mbona rahisi hivyo, mama?"

"Unakimbilia wapi?"

"Msangano."

"Basi chukua. Anaijua njia."

Enoka alilipa na kuondoka. Alipofika mbali kidogo ndipo neno lile lilipomkwama. *Anaijua.* Kaptula si mtu, haiwi "a". Lakini pale Tunduma kila mtu alikuwa na Kiswahili cha kwao. Akaliacha.

Alfajiri alitoka na mfuko begani. Ukungu ulikuwa mzito, na kaptula ilikuwa kama hakuvaa kitu. Mapaja hayakuwaka. Kwa mara ya kwanza tangu aipate kazi ile alikimbia akicheka peke yake.

Kisha akasikia hatua.

Nyuma yake. Miguu mitupu juu ya tope. Upesi, upesi, upesi... kisha kukwaruza. Kisha kishindo, kama mtu aliyejikwaa akaanguka kifudifudi.

Enoka alisimama ili amsubiri mtu huyo.

Hatua zikainuka. Zikaja. Zikampita ubavuni, karibu kiasi kwamba upepo wake ulimgusa mkono, na ile harufu ya udongo ikampita pamoja nazo. Hakuona mtu. Mbele kidogo ukungu ukakohoa. Kukwaruza. Kishindo.

Hakucheka tena.

Saa sita alifika kwenye kibanda cha mapumziko. Pale alikaa Jairo, tarishi wa zamani aliyeharibika goti, ambaye siku hizi aliwapikia wenzake uji na kuwashonea mifuko. Jairo alitoka nje na kata ya maji, akamwangalia Enoka usoni, kisha akashusha macho. Maji yakamwagika.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Sokoni, kaka. Kuna nini?"

Jairo alipiga goti lake zima chini, akakunja pindo la kaptula kwa vidole viwili, akakiona kiraka.

"Hiki nilikishona mimi," alisema. "Nilimshonea Mbonile. Tarishi aliyekutangulia."

"Basi aliiuza."

"Mbonile amekufa, Enoka. Mwaka jana, masika kama haya. Tulimkuta kwenye mteremko, kifudifudi, hana jeraha, ila nyayo zimechanika kama mtu aliyekimbizwa siku nzima. Mama yake akasema azikwe na nguo ya kazi yake. Nilimvalisha mimi mwenyewe. Tukamfunga sanda juu yake, tukafukia."

Mvua ilianza kudondoka, tone moja moja.

"Vua," Jairo alisema. "Nitakupa shuka langu."

Enoka alilitazama shuka. Zito, refu, la kukanyaga kila hatua. Alitazama jua lililofifia mawinguni. Ofisi ya Msangano ilifungwa jioni. Alimfikiria Aida na mdogo wake, akafikiria kuchelewa mara ya tatu.

"Nikirudi nitaivua," alisema. "Nitaichoma moto."

"Enoka..."

Alikwisha kuondoka.

Mteremko wa kushukia bondeni aliufikia jioni ikikaribia. Mvua ilikuwa imekatika, miti inadondosha maji, na giza la mawingu lilikuwa limewahi kabla ya giza lenyewe. Alishuka upesi. Hakutazama pembeni. Alihesabu pumzi.

Upesi, upesi, upesi... kukwaruza.

Kishindo.

Safari hii ilikuwa mbele yake. Na safari hii alimwona.

Mtu alikuwa ameanguka katikati ya njia. Alikuwa amefungwa kitambaa cheupe kutoka kifuani mpaka vifundoni, kimejaa tope, kimechanika pembeni kidogo tu. Alijiinua kwa viganja. Akajaribu kukimbia. Kitambaa kikamvuta magoti, akapiga hatua tatu za kuku aliyefungwa, akaanguka tena. Alipoanguka hakulia. Alijiinua tu. Njia nzima nyuma yake ilikuwa na alama za magoti.

Enoka alishika shina la mti ili asimteremkie.

Mtu yule akageuza kichwa. Hakumtazama Enoka usoni. Alitazama kiuno chake.

"Nguo yangu," alinong'ona.

Harufu ya udongo ikajaa kila mahali.

"Nguo yangu, ndugu yangu. Anakuja."

Kuna jambo Enoka alilosimulia baadaye kila alipoulizwa kwa nini hakukimbia. Alisema uso ule haukuwa wa kutisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameona uso kama huo kwenye maji ya mto, siku za ile suruali ya kaki, kila alipoinama kunywa akijua amechelewa.

Alifungua kamba. Fundo likagoma, akaling'ata kwa meno. Aliivua kaptula, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi huku amejikinga kwa mfuko wa barua. Akafumba macho.

Kitambaa kilichanika.

Kisha hatua. Nyepesi. Zimenyooka. Hazikukwaruza hata mara moja. Zilishuka mteremko kama jiwe lililoachiwa, zikafifia, zikaisha.

Alipofumbua macho, sanda ilikuwa njiani, tupu.

Alishika njia hivyohivyo, uchi, mfuko mbele. Hakufika mbali. Nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine anayekuja. Huyu hakukimbia. Alitembea taratibu, fimbo ikigusa mawe. Ko... Ko... Na ingawa Enoka alikimbia, ile fimbo ilizidi kukaribia.

"Mwanangu."

Alikuwa mwanamke wa sokoni. Alikuwa amesimama *mbele* yake, pembeni mwa njia, na sanda imekunjwa vizuri kwapani.

"Ile kaptula umeipeleka wapi?"

"Nimempa mwenyewe," Enoka alisema. Hakujua sauti ile imetoka wapi.

Maji yakadondoka mitini.

"Mwaka mzima," mwanamke alinong'ona, "nilimshika kwa sanda tu." Akamtazama Enoka kuanzia nyayo mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayepima nguo. "Haya, mwanangu. Na wewe kimbia."

Enoka alifika Msangano ofisi haijafungwa. Mama mmoja wa nyumba ya kwanza alimrushia kanga bila kuuliza. Karani alipokea mfuko, akatazama saa, akamwambia kazi ni yake.

Jumapili iliyofuata, Enoka na Jairo walimchukua mchungaji, wakaenda kwenye kaburi la Mbonile. Lilikuwa zima. Nyasi zimeota, mawe hayajaguswa. Mchungaji alisali, akakataza lisifukuliwe. Sokoni hakuna aliyemfahamu mwanamke yule, na Jairo alisema sura aliyoelezwa haikuwa ya mama yake Mbonile. Jairo alidhani aliiuza kaptula ili Mbonile asiipate tena. Halafu akafikiri, akasema labda alitaka watu wa kufukuza wawe wawili. Enoka hakutaka kusikia zaidi.

Aliifanya kazi miezi saba, akaiacha. Alihamia Mbozi kwa mjomba wake, akalima kahawa. Lakini kila masika, siku moja, jioni, mtu alipita akikimbia nyuma ya kichanja cha kuanikia kahawa. Mbwa walijificha. Hatua zilikuwa nyepesi, zimenyooka. Na baada yake, muda wa kuchemsha chungu cha maji, ilipita fimbo. Ko... Ko... Hapo Enoka alipumua, kwa kuwa fimbo bado ilimfuata Mbonile, akaingia ndani, akala. Ilikuwa hivyo miaka mitano.

Mwaka wa sita hatua zilipita kama kawaida. Enoka alisimama uani akisubiri. Maji yalichemka. Fides akasonga ugali, ugali ukapoa.

"Baba Aida, ingia ndani."

"Subiri kidogo," alisema.

Fimbo haikupita.

Aliwaita watoto, akawahesabu mlangoni mmoja mmoja. Kisha akainama, akaanza kukunja miguu ya suruali yake mpaka juu ya magoti.