Wapishe Wenye Mizigo

Jokofu la chanjo la zahanati ya kule juu lilizima Jumatatu. Jumatano asubuhi nilikuwa njiani.

Naitwa Aliko, fundi wa sola. Naishi Tunduma, chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji tisa ambao hatujuani hata majina. Kazi hii nilifundishwa na kaka yangu, Rubeni. Miaka sita tulipanda milima ya Ileje pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, tukipeleka betri kwenye vijiji ambavyo gari halifiki. Safari hii nilikuwa peke yangu. Rubeni tulimzika kijijini kwetu Ruanda mwezi wa saba, kando ya mama. Ijumaa alilalamika tumbo. Jumapili hayupo.

Pikipiki niliiacha kwa mama Fortunata, nyumba ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda. Mvua za Machi zilikuwa zimeikata barabara vipande vipande. Alinipa kiazi kikubwa cha kuchemsha, akalitazama begi langu, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Alitutoka, mama."

"Pole, mwanangu. Sasa unapanda peke yako?"

"Nitafanyaje?"

"Basi jitahidi utembee. Ukungu ukikukuta kule kwenye mianzi, ukaona watu wenye mizigo, wapishe. Wakipita, wapite. Usiongee nao."

Nilidhani anawasema watu wa magendo, wale wanaovusha sukari toka Malawi kwa njia za panya. Nikamshukuru, nikaondoka.

Betri ilikuwa ya kilo kumi na nne. Ukichanganya na kontrola ya kuchajia, waya na vifaa vyangu, begi lilikuwa linanivuta mabega kama mtu anayening'inia. Nilipanda. Mashamba ya maharage yakaisha, nyumba zikaisha, sauti za jogoo zikabaki chini. Kufika saa sita nilikuwa sijakutana na mtu hata mmoja. Nilikaa kwenye jiwe tulilozoea kupumzikia. Nikatoa kile kiazi, nikakikata katikati, nikanyoosha mkono kumpa mwenzangu nusu.

Mkono ukabaki hewani.

Nilikila chote.

Ukungu ulinikuta saa nane, kwenye mianzi, kama mama Fortunata alivyosema. Haukuja kutoka mbele wala nyuma. Ulipanda kutoka ardhini, ukafunika miguu, ukafunika kiuno, halafu sikuona tena kitu zaidi ya hatua nne mbele. Ndege wakanyamaza. Mchana ule ukawa kama magharibi.

Kisha nikasikia sauti.

Kwii... kwii... kwii...

Ilikuwa sauti ya kamba inayosuguana na mzigo. Ikaja na harufu ya pumba za mahindi zilizochacha, na udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo.

Nikasogea pembeni ya njia, mgongo kwenye mianzi. Huko milimani ndiyo adabu, mwenye mzigo anapishwa.

Wakatokea. Walikuwa kwenye mstari, kila mmoja na kiroba mgongoni, kimefungwa kwa kamba za magome. Wanaume kwa wanawake. Hawakuwa na viatu. Walikanyaga mawe makali bila kuyakwepa. Baridi ilikuwa kali, pumzi yangu ilikuwa inatoa moshi. Yao haikutoa kitu.

"Poleni na mizigo, jamani," nilisema, kwa mazoea tu.

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyegeuza shingo.

Alipita wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, bibi mwenye kitenge kilichooza. Wa nne... Wa tano...

Wa sita alikuwa amevaa suruali ya suti ya kahawia, ameikunja mpaka magotini.

Suti ile niliinunua mimi. Nilimvisha mimi. Kifuniko cha jeneza nilifunga mimi.

"Kaka..."

Sauti ilinitoka yenyewe, ndogo, kama ya mtu aliye usingizini.

Rubeni akasimama. Alikuwa amekonda, mabega yamechubuka, yana vidonda. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na sikujua kama ananitambua. Halafu macho yake yakashuka kwenye mikanda ya begi langu. Akanyoosha mikono yote miwili.

Hapo kwenye mianzi ndipo kunapoanza mwinuko mkali. Ndipo alipozoea kunipokea begi, kila safari, bila kuniuliza kama nimechoka.

Nikampa.

Watu wakinisikia wananiuliza, ulifikiri nini? Sikufikiri kitu. Ni kaka yangu. Alilivaa begi kifuani, kiroba kiko mgongoni, akarudi kwenye mstari. Nikafuata nyuma yake.

Nilitembea nikimnong'oneza habari zangu zote. Kwamba simu yake bado ninayo, naichaji kila wiki. Kwamba Jumapili zimekuwa ndefu. Kwamba nikipika, bado napika chakula cha watu wawili. Hakujibu. Nasema ukweli, hofu ilikuwa imeniondoka kabisa. Tangu mwezi wa saba nilikuwa sijatembea nyuma ya mtu.

Sijui tulitembea kwa saa ngapi. Nilichokuja kugundua ni kwamba mabega yananiuma. Nikashangaa, si nimeshampa begi? Nikapeleka mkono mgongoni.

Nikagusa kiroba.

Kilikuwa chenye unyevu, kizito, kimefungwa kwa kamba ya gome iliyozama kwenye nyama ya bega langu. Nilishika ile kamba nikitaka kuivuta. Vidole havikukaza. Nilitaka kumwita Rubeni. Ulimi ukawa mzito kama si wangu. Nikatazama chini... nilikuwa peku.

Ndipo akakohoa mtu huko nyuma.

Kikohozi cha mwanamke. Kikavu. Harufu ya ugoro ikanifikia kabla yake. Alikuwa anakuja kando ya mstari, polepole, akimgusa kila mmoja kisogoni.

"Wangu..." ananong'ona. "Wangu... Wangu..."

Miguu yangu iliendelea kutembea. Mimi sikuwa naiendesha.

"Wangu... Wangu..."

Mkono ukatua shingoni kwangu. Baridi, kama chuma cha asubuhi. Ukakaa.

"Huyu..." akasema taratibu. "Huyu kaletwa na nani?"

Rubeni akageuka. Akafungua mdomo. Ndani yake hapakuwa na ulimi. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbuzi anayekabwa, na wale wote kwenye mstari wakaanza kuitoa sauti hiyo hiyo. Kisha akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote, kama alivyonisukuma utotoni siku nyoka alipodondoka kutoka kwenye mti wa kahawa.

Nikaporomoka.

Nilizinduka kwenye matope kando ya kijito. Ukungu ulikuwa umefumuka. Jua lilikuwa linazama na moshi wa majiko ya kijiji nauona pale juu. Kiroba hakipo. Viatu havipo. Begi halipo. Nilitambaa, nikapanda, mpaka zahanati.

Nesi Loisi alikuwa mlangoni na tochi.

"Jamani Aliko! Mbona uko hivyo? Mwenzako kafika kitambo."

Begi langu lilikuwa juu ya benchi. Limekauka. Zipu zote zimefungwa.

"Kaka yako siku hizi haongei na watu?" Loisi aliendelea. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. "Nimempa maji, hakupokea. Kasimama hapo anatetemeka tu. Mara kuna mama akakohoa kule mtoni, basi akatoka mbio kama mtoto aliyeitwa. Amekwenda wapi?"

"Atakuja," nilimwambia.

Nililitengeneza jokofu usiku huohuo, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Loisi alipakua ugali sahani mbili, moja akaifunika. Sikuwa na moyo wa kumzuia.

Nilishuka Ijumaa na watu watatu waliokuwa wanakwenda mnadani. Siku ya pili nikawa Ruanda, kwa baba mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilimkuta amekaa barazani peke yake. Kahawa yake imebeba mpaka matawi yanainama. Shamba limepaliliwa safi, hata jani la gugu hakuna, na pale kwake sijawahi kuona kibarua.

Nilimsimulia yote. Nikavua shati, nikamwonyesha alama za kamba.

"Tulifukue lile kaburi, baba mdogo."

"Kaburi halifukuliwi kwa habari za ukungu," alisema, bila kunitazama. Halafu akauliza, sauti ya chini: "Alikwambia kitu?"

"Hawezi kusema. Hana ulimi."

Baba mdogo akashusha pumzi.

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Niliondoka jioni ileile, sikumuaga. Kaburini sikupita. Niliogopa kulikuta limetitia, na niliogopa zaidi kulikuta zima.

Miaka yote baba mdogo hakuwahi kunipigia simu. Sasa ananipigia kila wiki. Ananiuliza nimekula nini, nalala vizuri, alama zimepona. Kwa kweli ndiye mtu pekee anayenipigia. Na kila akitaka kukata, anauliza kama mtu aliyekumbuka tu wakati huohuo:

"Kule juu unapanda lini tena, mwanangu? Na unakwenda na nani?"

Jana nilimjibu. Nikamwambia Jumatano. Nikamwambia nakwenda peke yangu.

Rubeni yuko kule, na mabega yake yana vidonda.