Funguo Mbili Miguuni pa Lakshmi

Kweli tupu, jamani. Naapa kwa maji ya mto Ganga na kwa pensheni yangu. Phulwanti, muuza chai wetu, ndiye shahidi: mtu akinikamata na uongo mmoja humu, chai ya kijiwe kizima leo nalipa mimi.

Sasa shikeni vikombe vyenu.

Redio ilikoroma ndani ya debe la maziwa.

"Mwewe, Mwewe, hapa Kiota. Unaiona?"

"Naiona."

Keshav Mahto, jasusi wa Kikosi Maalumu cha jimbo, aliitia moto pikipiki yake. Royal Enfield ikanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Madebe mawili yalining'inia ubavuni, kama ya muuza maziwa yeyote wa Rajgarhwa. La kushoto lilikuwa na maziwa kweli, tena ya nyati, mazito. La kulia lilibeba redio ya Motorola, bastola ya Glock, na mashine ya kuziba mawimbi ya simu.

Mbele yake, gari aina ya Scorpio, nyeupe, vioo vyeusi ti, ilikata mashamba ya haradali kwa kasi ya mwizi.

Ndani ya Scorpio, bahasha ya lakiri nyekundu.

Ndani ya bahasha, karatasi ya mtihani wa Tume ya Utumishi wa jimbo.

"Wakipata mtandao kidogo tu," Kiota alisema, "picha zinafika kwa wanunuzi, na Jumapili hakuna mtihani. Watu laki nne warudi makwao na vitabu vyao. Mashine yako inaziba umbali gani?"

"Mita mia."

"Basi usiachwe mita mia na moja."

"Na nikiachwa?"

"Endelea kuuza maziwa."

Keshav hakucheka. Mfukoni mwa shati, juu ya moyo, alikuwa na kitu ambacho Kiota hakukijua.

Kadi ya mtihani. Jina lake. Picha yake. Jumapili.

Miaka mingi Tume ilikuwa imemtupa nje, hadi umri ukampita. Kisha kesi ikauchelewesha mtihani mahakamani, na wale waliozeeka wakisubiri wakapewa nafasi moja ya ziada. Moja. Baada ya hiyo, mlango unafungwa na ufunguo unatupwa mtoni.

Mtauliza, jasusi mzima mwenye Glock, Tume anaitakia nini? Ninyi vijana hamjui. Zamani za Mwingereza, kiti cha serikali kilipatikana kwa barua ya bwana mkubwa na kapu la matunda mlangoni kwake. Mwingereza mwenyewe, mwisho mwisho, akaona aibu, akaanza kuunda tume. Nchi ilipojitawala, Katiba ikalikaza: kila jimbo na liwe na Tume yake, na mwenyekiti wake asifukuzwe na waziri wala na mjomba wa waziri, ila na Rais. Kazi yake ni kumpata anayefaa bila kumjua baba yake. Karatasi ya majibu haina jina, ina namba. Baba yake Keshav alifyatua matofali maisha yake yote. Kwenye namba, tofali halionekani.

Keshav aliiamini Tume hiyo kama wengine wanavyoiamini Ganga.

Scorpio ilikunja kona. Keshav akakunja. Bata wakaruka. Mzee mmoja wa baiskeli akatukana ukoo mzima.

"Kiota, wameipataje bahasha?"

"Diwali," Kiota akajibu, akatema neno kama mbegu.

Sanduku la bati la karatasi za mtihani lilikuwa limelala hazina ya wilaya, chini ya kufuli mbili. Ufunguo mmoja wa mweka hazina. Wa pili wa naibu mkuu wa wilaya. Sheria inasema funguo hizo zisilale nyumba moja hata kwa dakika. Lakini jana ilikuwa sikukuu ya Diwali, na kila duka la Rajgarhwa liliweka mizani na funguo zake mbele ya Mama Lakshmi, mungu wa mali, zibarikiwe. Mweka hazina, mtu mcha Mungu, akauliza: hazina ya serikali ndiyo ikose baraka, duka la nguo lipate? Basi funguo zote mbili zikawekwa sinia moja la shaba, kati ya maua ya njano na vitamutamu vya laddu. Watu wakainama, wakafumba macho, wakaomba.

Mmoja hakufumba.

"Na naibu mkuu wa wilaya?" Keshav akauliza.

"Madam Vibha Sinha haonekani tangu asubuhi. Inaelekea wamemteka."

Enfield iliyumba.

"Mwewe? Unanisikia?"

"Nakusikia."

Vibha. Jina ambalo Keshav hakuwa amelitamka kwa miaka kumi na moja.

Walikuwa wamepanga vyumba jirani, mtaa wa tuisheni, kila mlango bango la mwalimu, kila dirisha mtu anayekariri. Walisomea darini, kitabu kimoja, taa moja, khichdi ya sufuria moja. Walikuwa wameahidiana: tukifaulu wote, tunakwenda kwa wazee. Matokeo yakatoka. Vibha akapita. Keshav akakosa kwa alama moja. Wa kwanza kati ya walioachwa nje. Siku hiyo alinunulia laddu mtaa mzima kwa furaha ya Vibha, halafu akamwambia Vibha mwenyewe: "Nenda. Afisa haolewi na mtahiniwa."

Alikwenda.

Keshav aliinama juu ya usukani. Mita themanini. Sitini.

Dirisha la Scorpio likashuka. Mkono. Bastola.

Paa!

Debe la kushoto likatoboka. Maziwa yakachuruzika barabarani mstari mweupe, na nawaapia, mbwa watatu wakaingia kwenye msafara.

Halafu mbele, kengele. Geti la reli likashuka. Treni ya makaa ya mawe, ndefu kama deni la harusi, ikaanza kupita.

Scorpio ikafunga breki. Nyuma, Keshav. Kushoto mfereji, kulia mfereji.

Jambazi aliachia usukani, akaruka nje. Guddu, mfanyabiashara wa mitihani, shati la hariri, mikufu mitatu. Akainua bastola. Keshav akavurumisha debe la maziwa. Likampata kifuani, naye akakaa chini kama mgeni aliyeambiwa karibu. Kufumba na kufumbua alikuwa kifudifudi, pingu mkononi, maziwa masikioni.

"Kaka, umeniharibia hariri!"

"Peleka kwa dobi. Mateka yuko wapi?"

Guddu alianza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa vumbi.

"Mateka? Jamaa, yule ni mteja wetu wa siku nyingi. Tangu alipofaulu!"

Mlango wa nyuma ukafunguka polepole.

Vibha alishuka. Sari ya pamba, nywele na uzi mmoja wa mvi. Mkononi alishika funguo mbili zenye poda nyekundu ya ibada. Kitini, bahasha ilikuwa imechanwa, lakiri vipande vipande, karatasi ya kwanza imetandikwa wazi kwa ajili ya kamera. Keshav aliwahi simu iliyokuwa kando yake. Picha zimejipanga, kila moja inazunguka-zunguka ikitafuta mtandao. Haikuwa imetoka hata moja. Akaivunja simu kwa kisigino.

Lakini jicho halina geti. Alipogeuka kuifunika karatasi, swali la kwanza lilikwisha kumwingia: *Tume za utumishi za majimbo zimewekwa na kifungu gani cha Katiba?*

Mia tatu na kumi na tano, moyo ukajibu kabla hajauzuia.

Angelijibu usingizini. Bila Guddu. Bila mtu.

"Mwaka ule," Keshav alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko treni.

"Mwaka ule," Vibha akasema. "Baba alikuwa ameniambia nikikosa naozwa sikukuu ya Holi ijayo, kwa mtu nisiyemjua. Guddu akaja na karatasi. Tangu hapo akitaka kitu ananikumbusha. Safari hii alitaka na ufunguo wa mweka hazina; wote walipofumba macho, mimi niliuchukua."

"Nilikuwa chumba cha pili, Vibha."

"Nilisimama mlangoni kwako nayo mkononi. Ulikuwa umelala, kitabu kifuani. Nilitaka kukuamsha."

"Ningekuambia uichome."

"Ndiyo maana sikukuamsha, Keshu."

Makaa yakapita. Behewa, behewa, behewa.

Keshav alikuwa anahesabu kitu kingine. Wa kwanza kati ya walioachwa nje. Angepungua mmoja tu mbele yake.

"Kile kiti," alisema.

"Kilikuwa chako. Nimekikalia kila siku nikijua." Hakulia. Afadhali angelia. "Nimeona jina lako kwenye orodha, unafanyia mtihani kituo cha wilaya yetu. Ni mara yako ya mwisho. Waambie hujaona kitu. Nani atajua?"

Redio ikakoroma.

"Mwewe, hali?"

"Guddu chini. Bahasha ninayo, imefunguliwa. Hakuna picha iliyotoka."

"Shujaa! Basi tutaifunga upya, Jumapili iko palepale. Unajua amri lakini: kila aliyeiona karatasi anakaa chini ya ulinzi, hatoki mpaka mtihani uishe. Waliouona ni nani?"

"Guddu. Na Madam Vibha Sinha. Hakutekwa."

"Masikini," Kiota akasema. "Na wewe? Umeuona?"

Vibha alimtazama, akatikisa kichwa taratibu: *sema hapana.*

Treni ilikuwa ndefu. Ilikuwa na muda wa kutosha wa mtu kusema uongo mmoja.

"Nimeuona," Keshav akasema.

"Aa, basi pole, utafungiwa nao. Lakini wewe una hasara gani? Utalala, utakula paratha za serikali. Kwani wewe ni mtahiniwa?"

Keshav alifumba macho.

"Hapana," alisema. "Mimi si mtahiniwa."

Alitoa leso mfukoni, akaifunga bahasha kwa mafundo mawili. Behewa la mwisho likapita. Ng'ambo ya geti, magari ya polisi yalikuwa yanangoja, taa zikimeta.

Hakumfunga Vibha pingu. Pa kukimbilia hapakuwapo.

"Keshu," Vibha aliita.

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akakumbatia bahasha, akaliendea geti kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua sigara. Hakugeuka. Hata mara moja.

Jumapili ile watu laki nne waliingia mtihanini, na hakuna aliyejua jina la muuza maziwa.

Lakini kadi yake ilikuwa imedondoka pale leso ilipotoka. Vibha aliinama akaiokota. Picha ilikuwa ya zamani, ya miaka ya darini, Keshav na shati la bluu ambalo yeye mwenyewe alimshonea kifungo. Ilikuwa imeingia vumbi la makaa. Akaifuta usoni kwa pindo la sari, polepole, huku akiinong'oneza mpaka polisi walipomshika mkono.

"Babu, ngoja hapo hapo."

Phulwanti alikuwa ameacha kuchuja chai.

"Umesema Keshav hakugeuka hata mara moja. Guddu kalala kifudifudi, maziwa masikioni. Polisi wako ng'ambo ya geti. Sasa hiyo sari na hiyo picha aliiona nani?"

"Kuna mlinda geti," nikasema.

"Mlinda geti anatazama treni."

Kijiwe kikaangua kicheko. Mmoja akagonga bilauri yake mezani: "Lipa, babu! Lipa!"

Nikatoa pochi. Chai ya kijiwe kizima, na kachori juu, kwa sababu Phulwanti ana roho mbaya.

Ila aliponirudishia chenji alikuwa amenipa mgongo, na pindo la sari yake lilikuwa machoni. Hilo halikuhitaji mlinda geti. Hilo niliona mwenyewe.